Kuinua Mashine kutoka Kindu

Ile mashine ilikuwa wapi? Aliyeniuliza kwanza ni mama yangu, alasiri moja akiwa amekaa uani akichagua mawe katika mchele, na mpaka leo sina jibu ambalo ningeweza kulisema mbele yake bila kutafuna maneno.

"Ile mashini munatumikia, njo iko wapi?"

"Iko mbali, mama. Wanaita wingu."

"Wingu?" Alitazama juu ya paa la jiko, kisha akanitazama mimi. "Na mvua ikinyesha?"

"Ni jina tu. Ni nyumba kubwa, ndani iko na mashini mingi. Sisi tunapanga moja."

"Nyumba iko wapi?"

"Ulaya, nazani."

"Unazani." Alitupa kijiwe pembeni. "Muntu mwenye kusoma universite anapanga nyumba bila kujua avenue."

Mji niliujua; mtaa ndio sikuujua. Nilipoandika maagizo ya mashine hiyo nilitakiwa kuchagua eneo katika orodha ya miji ya dunia. Hapakuwa na mji wa Kongo. Nilichagua mmoja wa Ulaya kwa sababu ndio ulioitikia upesi kuliko mingine, nikaliandika jina lake kwa herufi ndogo kama nilivyoelekezwa. Lakini jina la mji si mlango wa nyumba. Wenye mashine hizo hawakuambii jengo wala chumba, na mashine yenyewe si chuma: ni sehemu ya uwezo wa kompyuta kubwa, iliyomegwa na kupewa jina, nayo huitwa mashine pepe. Leo inaweza kukaa ndani ya chuma hiki, kesho ndani ya kingine. Mama yangu ni mtu wa kuonyesha kwa kidole. Wakati wa vita aliiacha nyumba yake na kuirudia zaidi ya mara moja, na kila aliporudi jambo la kwanza lilikuwa kugusa ukuta. Mimi nilikuwa nimeweka tumaini la ofisi nzima katika kitu kisicho na ukuta.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, upande wa barabara ya uwanja wa ndege, chenye vioo vya jua juu ya paa na sahani ya setilaiti iliyotazama upande mmoja wa anga bila kuchoka. Tulikuwa watatu. Tulitengeneza programu ya kufuatilia dawa katika vituo vya afya vya mkoa, ili muuguzi wa kituo cha Kama au cha Kailo aweze kusema ni dawa gani inakaribia kwisha kabla haijaisha. Mwenzangu wa kwanza alikuwa mwanamke mzaliwa wa Tunda, mwenye watoto wawili wadogo na mume anayefundisha shule hapa mjini. Alifunga kilemba chake kwa namna ambayo hata joto la saa nane halikukilegeza. Wa pili alikuwa mwanamume kutoka Kivu ya Kaskazini, mtoto wa wafanyabiashara, ambaye ndugu zake walikuwa na duka la vipuri vya pikipiki sokoni. Wote wawili waliniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu ya umri wangu na kwa sababu mimi ndiye niliyejibu barua.

Mkuu wetu alikuwa mwanamke aliyeishi Lubumbashi, katika ofisi kubwa ya mradi. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa amechoshwa, kwa haki, na ugonjwa mmoja tu: kilichofanya kazi kwenye kompyuta yangu hakikufanya kazi kwenye kompyuta ya mwenzangu, na kilichofanya kazi kwetu wote Kindu hakikufanya kazi Lubumbashi. Akaamua kwamba kila kikundi kitafanyia kazi kwenye mashine pepe, iliyojengwa kwa maagizo yaleyale, inayoweza kutupwa na kujengwa tena wakati wowote. Mwisho wa mwezi angetupigia kwa video na kutazama Kindu ikijenga mashine yake kutoka mwanzo. Aliongeza sharti kwamba atakayeijenga asiwe yule aliyeandika maagizo. Ikishindikana, alisema, programu ya dawa itahamia Lubumbashi, na atakayependa anaweza kuifuata huko.

Niliwasomea wenzangu ujumbe huo kwa sauti.

"Mimi nakwenda hata leo," alisema wa Kivu. "Lubumbashi iko na umeme. Nitawatumia salamu na picha ya friji."

"Wewe ungeenda hata katikati ya pori kama iko muteja," alijibu wa Tunda. Kisha akaacha mzaha. "Yaya, mimi siwezi. Bwana yangu anafundisha hapa, watoto wanasoma hapa. Kazi ikienda, inaenda bila mimi."

Mimi pia nilijua msimamo wangu. Mama yangu hakuwa wa kuhamishwa, na sikuwa wa kumwacha. Basi jambo lilikuwa wazi kwetu wote: ama mashine hiyo iinuke kutoka Kindu siku hiyo, mbele ya macho ya mkuu, ama ofisi ya Kindu ifungwe.

Nilianza kwa moyo mkunjufu. Tulikuwa na programu inayojua kuinua mashine pepe ndani ya kompyuta ya mkononi, lakini haikujua kuzungumza na wingu. Kwa hilo ilihitaji plagini, programu ndogo inayopachikwa ndani ya nyingine ili kuifundisha kazi mpya. Kuipakua tu kulituchukua sehemu kubwa ya asubuhi, kwa kuwa mtandao ulikatika na kurudi, na kila uliporudi upakuaji ulianza upya. Nililipenda jambo moja katika plagini hiyo. Kabla haijafanya lolote hudai ipewe sanduku, yaani mfumo wa kompyuta uliokwisha kufungashwa tayari. Lakini kwa kuwa mfumo halisi uko hukohuko mbali, sanduku unaloipa ni tupu. Ni adabu ya mlangoni tu: inauliza, unaipa boksi lisilo na kitu, inaridhika, mnaendelea.

Kisha nikaandika faili la maagizo. Eneo, ukubwa wa mashine, mfumo wa kuanzia, ufunguo wa siri wa kututambulisha, na chini yake orodha ya vitu vya kuwekwa ndani mashine ikiisha kuamka. Nikatoa amri ya kuinua. Jibu lilirudi haraka kuliko nilivyozoea mambo kurudi: ombi limekataliwa, sahihi yetu si halali.

Nilitengeneza ufunguo mwingine, ukakataliwa. Nilijaribu kwenye kompyuta ya wa Tunda, kisha ya wa Kivu, na zote zilikataliwa kwa maneno yaleyale. Siku iliyofuata nilisoma maelezo ya plagini neno kwa neno, nikaona sentensi fupi ambayo jana niliiruka: ombi lazima libebe saa sahihi, na likija na saa iliyo mbele au nyuma kupita kiasi, litachukuliwa kuwa limeghushiwa.

Nilitazama saa kwenye kioo cha kompyuta, kisha ya mkononi. Zililingana kabisa.

"Saa iko sawa," nilisema.

"Lazima iwe sawa," alisema wa Kivu kwa fahari. "Hizi kompyuta nilinunua Kinshasa. Zilikuja na saa ya Kinshasa, iko nyuma. Mimi mwenyewe nilizisogeza mbele, moja moja."

"Ulisogeza nini?"

"Saa, yaya. Mishale. Na kila zikipata mtandao zilirudi nyuma tena, basi nikazifunga zisijirekebishe."

Swali lililonijia wakati ule halikutoka katika maelezo ya plagini. Lilikuwa swali nililowauliza watu kila siku nilipokuwa kijana: saa ya wapi?

Miaka ya vita ilinikuta nimetoka chuo kikuu, nina shahada na sina pa kuipeleka. Treni ilikuwa imesimama. Mji ulikuwa umefungwa pande zote, chumvi ilipimwa kwa kijiko, na habari za jamaa walioko mbali zilipita njia moja tu, nayo ni foni, redio ya kusemezana na watu wa mbali, mali ya mfanyabiashara mmoja, katika chumba nyuma ya duka lake. Waya wake ulivutwa kati ya michikichi miwili, nguvu yake ilitoka kwenye betri ya gari iliyochajiwa kwa kioo cha jua. Aliniajiri niiendeshe kwa kuwa nilikuwa na sauti inayosikika na Kifaransa kisichojikwaa. Watu walikaa kwenye benchi, nami nikaita Kisangani, Bukavu au Goma, kila mji kwa saa yake tuliyopatana.

Adui wa foni hakuwa vita. Alikuwa salamu. Kwetu huwezi kumwendea mtu na jambo kabla hujamuuliza habari ya nyumba, na wa nyumba ni wengi. Mwanamke mmoja muuza chumvi alikuja kumwambia kaka yake aliyeko Kisangani asianze safari, kwa sababu njia ya mto ilikuwa imeharibika na watu walikuwa wanaporwa. Alimsalimu kaka, mke wa kaka, wakwe, watoto kwa kufuata umri wao, jirani aliyewahi kuwapa mbegu, na alipovuta pumzi ili aseme lililomleta, betri ikafa. Benchi zima lilishika vichwa. Ilibidi tungoje jua la kesho. Kwa bahati kaka hakuwa ameondoka.

Tangu hapo nikaweka desturi. Kabla sijamuita mtu wa mbali, mwenye ujumbe anausema wote hapa, kwenye benchi, kwa sauti, kana kwamba tayari anasikilizwa. Waliokaa naye wakawa wasahihishaji wakali kuliko mwalimu wangu yeyote. "Umesema mutoto anaumwa, haukusema mutoto gani." "Sema kama ni daktari alisema, ao ni wewe." Ujumbe ulipokamilika ndipo nilipofungua redio, ukasemwa mara moja, na salamu zikaja baadaye kama betri iliruhusu. Wazee wengine waliona ni ukosefu wa adabu, na walikuwa na haki ya kuona hivyo. Lakini ujumbe ulifika.

Karibu na mwisho wa vita, tulipoanza kusikilizana tena na Kinshasa, shida ya pili ikatokea. Nchi yetu ni pana mno kwa saa moja. Sisi wa mashariki tuko mbele. Watu walipatana "saa nne" na wakakosana, huku kila mmoja akimsubiri mwenzake na kumlaumu. Nikajifunza kuuliza, kabla ya lolote: saa ya wapi?

Ndilo nililomuuliza mwenzangu wa Kivu, na alipokuwa anatafuta jibu nikafungua mipangilio ya kompyuta. Ilikuwa kama nilivyohisi. Mishale ilisema saa ya Kindu, lakini chini yake kompyuta ilikuwa bado inaamini iko Kinshasa. Kwa hiyo ilipoutangazia ulimwengu wakati wake, ilitangaza wakati ambao haujafika popote. Wingu lilipokea maombi kutoka wakati ujao na, kwa busara, likayakataa.

"Basi chagua Kindu," alisema wa Tunda akiinama begani kwangu.

"Kindu haimo. Iko Kinshasa na Lubumbashi tu. Sisi tunahesabiwa ku Lubumbashi."

Alinyoosha mgongo. "Ona. Tayari wametuhamisha."

Tulicheka mpaka wa Kivu, aliyekuwa amenuna kwa sababu ya saa zake, akacheka pia. Nilichagua Lubumbashi, nikaruhusu saa ijirekebishe, nikatoa amri. Mistari ilianza kushuka kwenye kioo. Mara ya kwanza plagini ilikata tamaa kabla mashine haijaamka, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa na watu wenye mtandao wa haraka na subira fupi. Nikaiongezea muda wa kungoja. Mara ya pili mashine iliinuka. Wa Tunda aliingia ndani yake, akaandika amri ya kuiuliza jina, ikajibu kwa jina tuliloipa. Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kama mtu aliyejenga daraja.

Hapo ndipo tulipoanza kuharibu, na tuliharibu kwa bidii. Mtandao wetu una tabia ya umeme wetu. Umeme ukija Kindu hakuna anayeuliza utakaa hadi lini: pasi inawekwa, simu za nyumba nzima zinachomekwa, kinu kinasaga hata unga usiohitajika leo. Vivyo hivyo sisi. Mtandao ukiwa mzuri, yeyote aliyekuwa karibu aliingia moja kwa moja ndani ya ile mashine ya mbali na kuweka alichohitaji, palepale, kwa mkono wake, kabla bahati haijapita. Kuandika jambo hilo katika faili la maagizo kulingoja wakati wa utulivu. Wakati wa utulivu ulipofika mtandao ulikuwa umekufa, nasi tulikuwa tumesahau. Mimi niliyeandika faili hilo sikuwa bora kuliko wenzangu. Mashine ilizidi kuwa nzuri na faili likazidi kuwa hadithi ya zamani.

Aliyegundua ni wa Tunda, asubuhi ya siku iliyotangulia mtihani. Kwa kuwa yeye ndiye angeinua mashine mbele ya mkuu, alikuwa anasoma faili mstari kwa mstari.

"Yaya, hapa sioni ghala la data."

"Liko. Jana ulikuwa unalitumia."

"Ku mashini liko. Ku faili haliko." Alisoma tena, polepole. "Nani aliliweka?"

Kisha akajijibu mwenyewe. "Ni mimi. Ile siku mtandao ulikuwa muzuri."

"Mimi niliweka kile kitu cha kuchapisha ripoti," alisema wa Kivu akitazama meza. "Kidogo tu."

"Na mimi nilibadili lugha ya mfumo," nikasema.

Tulitazamana. Kama tungejenga upya kwa faili lile, tungepata mashine safi, tupu, isiyoweza kufungua programu yetu. Nikawaambia waache kompyuta, wavute viti. Nikawaeleza desturi ya benchi, nasi tukafanya hivyo: kila mmoja aliisema mashine nzima kwa sauti, tangu kuamka kwake mpaka ukurasa wa kwanza wa programu kufunguka, na wengine wawili wakamkatiza.

"Halafu ghala la data linaanza," alisema wa Kivu.

"Linaanza lenyewe? Nani analiamusha?"

"Si wewe ulilianzisha?"

"Tuseme mimi niko Tunda kwa harusi ya binamu yangu. Nani analiamusha?"

"Sawa, sawa. Andika: liamushwe."

Tulibishana hivyo hadi alasiri, na kila ubishi uliokwisha ukawa mstari mmoja katika faili. Mwishoni niliamini kwamba faili limetimia. Lakini kuamini si kuona. Akaunti tuliyopewa iliruhusu mashine moja tu kwa wakati mmoja. Ili kuinua mpya, ya zamani lazima ifutwe kwanza, na ikifutwa hairudi. Juu ya hayo mvua kubwa ilikuwa imefunika anga, na sahani yetu haikusikia chochote. Hatukuweza kujaribu hata kama tungethubutu.

Wa Kivu ndiye aliyesema kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa amekifikiria.

"Yaya, ile ya zamani inafanya kazi. Kesho tuizime, tuiwashe, tumwambie mama mukuu ndiyo mpya. Yeye ataona ukurasa unafunguka. Nani atajua?"

"Ataona mistari," nilisema.

"Mistari ya kuwasha na mistari ya kuinua inafanana. Na ile yenu ikikataa kesho? Tutamuonyesha nini? Mimi nitapata kazi popote. Nasema juu yenu."

Alikuwa mkweli, na lilikuwa pendekezo la upendo. Wa Tunda alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anakunjua, anakunja tena. Nilimuuliza anaonaje.

"Naogopa," alisema. "Ile ya zamani naijua. Lakini kesho kutwa akisema tena tuinue, tutadanganya tena? Na mwezi kesho?"

Nilienda nyumbani bila kutoa uamuzi. Jua lilikuwa limerudi baada ya mvua na mama alikuwa anapakua wali na sombe, yale majani ya muhogo. Nilimweleza kwa ufupi kwamba kesho inaweza kuamua kama kazi itabaki hapa. Hakuuliza kuhusu mashine.

"Kama njo kwenda Lubumbashi, nenda," alisema. "Mimi nabaki. Sitakulaumu."

Lakini alikiweka chakula changu mezani kwa kishindo kidogo, na nilimjua vya kutosha kukielewa kishindo kile.

Nilikula, nikafikiri. Ile ya zamani ilikuwa na kila kitu isipokuwa jambo moja: hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuifanya tena. Kama tungebaki Kindu kwa ajili yake, tungebaki kwa ajili ya bahati za mtandao wa siku zilizopita, na siku itakapoanguka, nasi tungeanguka nayo, tukiwa waongo juu ya kuwa wazembe. Faili lilikuwa kinyume chake. Hatukuwa tumeliona likifanya kazi, lakini tulijua kila mstari umeingia kwa sababu gani na nani alibishana juu yake. Nililiamini zaidi kuliko nilivyoiamini mashine. Kabla giza halijaingia niliwapigia wote wawili simu, nikasema maneno yaleyale: kesho tunafuta kwanza, mkuu akiwa anatazama, kisha tunainua.

"Yaya ameamua," alisema wa Kivu. "Basi nitakuja na mikate."

Wa Tunda aliuliza tu kama bado ni yeye atakayeandika amri. Nikamwambia ndiyo.

Asubuhi anga lilikuwa limeoshwa. Tulifika mapema, tukasafisha vumbi kwenye vioo vya jua, na mtandao ulikuwa umetulia kama mgeni aliyekwisha kushiba. Mkuu alitokea kwenye kioo cha kompyuta yangu, miwani yake ikiakisi dirisha la Lubumbashi.

"Habari ya Kindu? Mama mzee hajambo? Watoto?" Aliwataja wote. Tulimjibu wote. Kisha akasema, "Basi, nangojea. Muinue."

"Tutainua, mama," alisema wa Tunda. "Kwanza tunafuta."

"Munafuta nini?"

"Ile iliyoko."

Mkuu aliinama karibu na kamera. "Muko na ingine ya akiba?"

"Hapana. Ni ile moja tu."

Wa Kivu aliweka mkate wake chini. Wa Tunda aliandika amri ya kufuta, nayo plagini ikauliza, kama ilivyo kawaida yake, iwapo tuna hakika. Hakugeuka kunitazama. Akaandika herufi ya ndiyo, akabonyeza, na baada ya muda mfupi orodha ya mashine zetu ikawa haina kitu. Papo hapo akaandika amri ya kuinua.

Mistari ilishuka. Ombi limekubaliwa. Mashine inaamka. Inangojewa. Ilingojewa kwa muda mrefu, nasi tukangoja bila kuigusa, mikono juu ya magoti. Kisha vitu vikaanza kuingia kimoja baada ya kingine kwa mpangilio ule tuliobishania: lugha, ghala la data, kuamshwa kwa ghala la data, kile cha kuchapisha ripoti. Mstari wa mwisho ukasimama. Kutoka Lubumbashi tulisikia mlio wa mtu anayeandika anwani.

"Ukurasa umefunguka," alisema mkuu. Alisoma majina ya vituo kwa sauti, kama anayehakiki. "Kailo. Kama. Tunda." Akavua miwani. "Sawa. Kazi inabaki kwenu, nitaandika leo. Lakini nataka kuona mara moja tena. Ifuteni, na mwengine aiinue."

Wa Kivu alikwisha kuvuta kiti chake mbele ya kibodi, akijipangusa makombo ya mkate.